Kuta Zote, Isipokuwa

Mwalimu Asumpta hakutaka habari za "tutaelewana tu, fundi."
Alichana karatasi mbili katikati ya daftari,
akapachika kaboni, akavaa miwani,
akaniuliza jina langu kamili
kana kwamba ananiandikisha darasa la kwanza.

Mimi nimepaka rangi Newala miaka kumi na tisa
kwa mdomo. Kwa mdomo nimepewa kazi,
kwa mdomo nimedhulumiwa,
na mara mbili, sikatai, nimedhulumu:
rangi ya ndani nimeipeleka nje,
galoni moja nimeizalisha pacha kwa ndoo ya maji.

Basi tukaandikiana.
Vyumba vitatu na sebule, kuta zote. Kukwangua hadi plasta.
Rangi mikono miwili. Nikasema, mwalimu, mikono miwili ninayo tayari.
Hakucheka. Akaandika: mkono wa pili
usipigwe kabla wa kwanza haujakauka,
na ukungu wa Luchingu usihesabiwe kuwa ni jua.
Maji ya kuchanganyia ni juu ya mwenye nyumba.
Hapo nilikaza mimi. Huku kwetu
maji hupanda mlima kwa pesa.
Malipo nusu leo, nusu korosho zikilipwa.
"Zikichelewa?"
Akatafuna ncha ya kalamu muda mrefu.
Akaandika: zikichelewa, mwenye nyumba atauza cherehani.

Siku ya tatu, nyuma ya kabati la sahani,
nakwangua. Kijani ikadondoka. Chini ya kijani, samawati.
Chini ya samawati, chokaa,
chokaa ya mwaka ule wa foleni za sabuni,
na juu ya chokaa, penseli ya seremala:

Chokaa debe 4. Siku 6.
Mzee Nannyoya katoa 300.
Bado 480.
Likwata.

Herufi ya k imepiga goti.
Naijua. Ndiyo iliyotia saini ripoti zangu za shule,
zile chache.

Sikumwita mtu. Nilisimama na skrepa mkononi,
kifungu cha kwanza kichwani: hadi plasta.
Nikapiga hesabu. Mia nne na themanini
wakati ule ilikuwa mabati, ilikuwa sare,
pengine ilikuwa mwaka mmoja zaidi darasani.
Leo ni maandazi mawili,
na moja lazima liwe dogo.

Akaingia na chai. Akasoma kwa sauti,
kidole chini ya kila neno,
kama anayesahihisha insha, akitafuta kosa asilione.
"Baba alituambia alimlipa fundi yote."
Baba yake alishika mizani ya ushirika,
mtu aliyewapimia wengine.
Kikombe kikapoa mikononi mwake.

"Nikulipe mimi?"
"Mkataba wetu haumtaji marehemu yeyote."
"Basi kwangua, fundi. Imeandikwa."
"Najua imeandikwa. Na hii nayo imeandikwa."

Tukakaa sakafuni, katikati ya magamba ya rangi.
Akalaza nakala yake, nikakunjua yangu,
ya kaboni, yenye alama ya kidole cha krimu.
Penye maneno kuta zote akaongeza mkato,
kisha, kwa mwandiko wa ubaoni:
isipokuwa kipande nyuma ya kabati,
sentimita thelathini kwa ishirini,
kibaki kilivyo.
Alipima kwa rula. Mstari wake ulinyooka kuliko wangu
wa miaka kumi na tisa.
Akasaini pembeni, nami nikasaini,
na k yangu, sijui tangu lini,
nayo ikapiga goti.

Mkono wa pili ulichukua siku nne kukauka.
Korosho zilichelewa, mnada ukasogezwa, ukasogezwa tena.
Nilimkuta barazani anaifuta cherehani vumbi,
amekwisha kuitoa na meza yake.
Nikamwambia irudishe ndani, mwalimu,
nina wiki mbili za subira mfukoni,
lakini hizo, tafadhali, usiziandike.

Akaziandika.