Mbuzi ya Paisley

Wiki ya kwanza sikugusa kitu.
Nilihesabu nondo walionaswa kwenye gundi,
nikasoma kipima unyevu asubuhi na jioni,
nikajifunza kwamba hapa kalamu ya wino ni silaha
na chai ina chumba chake.

Wiki ya tatu Bi Aileen akanipa glavu.
"Mikono miwili, Mwanaidi. Chombo hushikwa kitakoni,
hata kikiwa na mpini."

Leo, rafu ya kumi na nne,
kadi ya mwaka 1931:
*Kigoda. Huenda cha matambiko.*
Nikafunua karatasi. Ulimi wa chuma,
meno yamelika upande mmoja,
upande wa mtu aliyekuwa na haraka,
wageni wamekwisha kaa barazani.

"Hii ni mbuzi," nikasema.
Bi Aileen akatafuta pembe.
Nikachuchumaa, nikakuna nazi isiyokuwepo,
mvua ya Uskoti ikichuja tui dirishani.

Hakucheka. Alichonga penseli,
akanisogezea kadi.
"Cha zamani usikifute. Andika chini yake."

Nikaandika jina, na kazi yake.
Kisha, penye *Hali*:
nzima. Imetoboa glavu.