Kisanduku cha Tatu

Saa moja kasorobo asubuhi, Duluth.
Theluji imelala juu ya gari langu
kama mgonjwa asiyetaka kugeuzwa.
Nimetoka zamu. Miguu imevimba.
Mfukoni nina kalamu, plasta,
na chokoleti ya mzee wa chumba cha kumi na mbili,
aliyepakia madini melini miaka thelathini
akaja kwetu kujifunza upya kupumua.

Mezani jikoni, barua za vyuo.
Picha za watu wenye meno mazuri
waliovaa stethoskopu kama mikufu ya harusi.
Njia mbili zilimshinda fisi.
Mimi nina nne, na huku hakuna fisi,
kuna mbwa mwitu tu, nao hutembea kwa makundi,
hawaachwi wachague peke yao jikoni.

Kisanduku cha kwanza: uzamili wa uongozi.
Nitapata ofisi, na mlango, na ua la plastiki.
Nitapanga zamu: muuguzi mmoja, wagonjwa saba.
Au nitakuwa yule anayekataa?
Ulla Bergstrom alikwenda huko akiapa kukataa.
Siku hizi hututumia barua pepe
zinazoanza na "Timu yangu pendwa."

Cha pili: muuguzi bingwa,
apimaye, aandikaye dawa kwa mkono wake.
Hiki nimekiota tangu nina stashahada changa
na mtoto wa miezi miwili begani.
Saa mia saba za mazoezi, bila senti.
Mkopo wa nyumba haulijui neno mwanafunzi.

Cha nne sijakimaliza.
Kina neno takwimu mara kumi na moja.

Tauno, mume wangu, fundi bomba,
amepiga hesabu nyuma ya bahasha.
"Hiki cha tatu," asema, "ualimu wa uuguzi.
Ukope, usome miaka mitatu, ufuzu,
kisha ulipwe pungufu ya unacholipwa leo.
Nimekosea wapi?"
Hajakosea. Tauno hakosei hesabu.

Lakini usiku huu, saa tisa,
Brenna Maki, wiki yake ya tatu wodini,
alisimama na sindano ya insulini
juu ya mkono wa bibi aliyelala.
Karatasi ilisema kumi.
Sindano ilisema mia.

Sikupiga kelele. Sikumpokonya.
Nilisema, "Nisomee."
Akasoma. Akasoma tena.
Sauti ikamkatika
alipoifikia sifuri ya pili.

Bibi akajigeuza, akakoroma.
Hajui, wala hatajua.

Baadaye Brenna alilia kwenye stoo ya mashuka.
Nikamshikia taulo,
nikamsimulia sifuri yangu mimi,
ya mwaka wangu wa kwanza,
usiku ambao nyuma yangu hapakuwa na mtu
wa kuniambia nisomee.
Aliitwa Orville. Alipenda peremende za mnanaa.
Tauno sijawahi kumwambia.

Mchagua jembe si mkulima, najua.
Ila jembe hili nitalilipia miaka kumi,
acheni nilipime uzito kidogo.

Nje Tauno anakwangua barafu kwenye kioo cha gari langu,
ingawa anajua siendi popote, nakwenda kulala.
Nafungua fomu. Jina: Raili Hietala.
Umri: arobaini na mmoja.
Sababu za kuchagua, mistari mitano.
Mitano!

Kalamu haiandiki. Wino umeganda.
Naipumulia kwanza.