Mlango wa Namba Saba

Mikono hii ndiyo iliyoutia ule mlango,
mbao za mkaratusi, bado mbichi, zikinuka dawa ya kifua,
bawaba tatu, maana mbili hulegea.
Mwaka huo kodi hapa Kaptembwo
ilikuwa elfu mbili na mia tano,
na bomba lilikohoa maji Jumanne na Ijumaa.

Kisha lami ikaja.
Siwezi kusema hatukufurahi. Mama Nyanchoka
alipiga vigelegele hadi leso ikamdondoka,
tukapiga picha kando ya tingatinga
kama tumeliposa.
Viatu vikasahau rangi ya vumbi.
Mlingoti wa taa ukasimikwa, mwanga ukaingia
hadi kitandani bila kubisha hodi.
Mwezi wa pili yake, karatasi langoni:
elfu tatu na mia nane.
Kumbe ile lami tulikuwa tunaikanyaga kwa mkopo.

Gitahi wa daftari hapandishi sauti.
“Makokha, njoo na bisibisi. Namba saba.”
Mia mbili kwa mlango mmoja,
mia tatu mvua ikinyesha.
Kufuli huvunjwa, alinieleza, na vyombo vikitupwa nje
majirani hupiga mayowe, chifu akaitwa.
Lakini chumba kisicho na mlango
humhamisha mtu chenyewe.
Niliitikia kwa kichwa. Maneno hayo yalikuwa yangu;
nilimwambia mimi, siku moja, tukinywa chai.
(Mwenye ploti naye, nasikia, anadaiwa.
Benki haina bisibisi. Ina barua.)

Nilimkuta akichagua maharagwe.
Hakulia, hakunitukana,
na ningependa angenitukana.
“Ngoja kidogo, Fundi.”
Akatoa kamba ya katani chini ya kitanda,
akaishusha kwenye ubao, palipokwaruzwa kwa msumari
urefu wa Ombati:
hapa chekechea, hapa alipougua surua,
hapa mwaka ambao shule zilifungwa
na mtoto akarefuka bila kufundishwa na mtu.
Kila alama akaifungia fundo.
Mafundo sita. Akaizungusha kamba mkononi,
akaitia kifuani kama pesa.
“Sasa toa.”

Ombati ndiye aliyenishikia skrubu.
Kila bawaba ina tatu.
Nilipomaliza alifungua kiganja: nane.
Mkono wa pili ulikuwa mfukoni, umekunjwa.
Sikuuliza.

Nikajitwika mlango mgongoni, nikapita nao
barabara nzima, chini ya taa ile ile,
na yule muuza mitumba wa kona akacheka:
“Fundi! Unahamia wapi?”

Usiku upepo wa Menengai ukashuka.
Namba saba walikuwa wametundika leso.
Niliusikia ukibisha, ukiingia, ukitoka,
ukiingia tena kama mtu aliyesahau kitu.
Kabla ya adhana ya alfajiri nikasikia mkokoteni,
gurudumu moja linalia,
na sauti ya mama ikisema, “Sufuria iangalie, ina chakula.”
Nililala tuli. Jirani mwema
hujua wakati wa kutokuwa macho.

Mia mbili zenyewe sikuzishika.
Gitahi aliziandika kwenye daftari,
ukurasa wenye jina langu,
mahali ambapo miezi miwili imekaa ikinisubiri.
Nimepiga hesabu kwa chaki kwenye ukuta wa karakana,
nikafuta, nikapiga tena:
milango kumi na tisa hulipa mwezi mmoja.
Ploti yetu ina milango kumi na minane,
nikihesabu na wangu.

Ule wa namba saba umeegemea hapa.
Gitahi anataka niupige msasa, niupake rangi,
mpangaji mpya anakuja Jumamosi.
Nimeupaka kijani kuanzia juu,
nikashuka hadi kwenye alama ya sita,
brashi ikakauka mkononi.