Daftari la Mizani

Ghala letu la asali lipo Ipuli, nyuma ya mashine ya kusaga,
na kazi yangu ni mizani: ndoo, kilo, jina, sahihi.
Mwaka ule wa mvua chache walikuja wageni wawili,
Gemechu Tolasa, mnunuzi wa nta kutoka Jimma,
na Tamazi, Mjojia, fundi wa mizinga ya kisasa.
Wakapewa vyumba viwili, katikati mbao za mninga.

Usiku nilipobaki kufunga hesabu
niliwasikia wakipiga simu kwao
nikaapa ni lugha moja.
Zote zina ule mlio:
k inayotoka bila pumzi, kifuniko kikibanduka chupani,
t inayopasuka kooni, ukuni mbichi motoni.
"Nyinyi ni ndugu," niliwaambia asubuhi.
Wakatazamana. Wakacheka, kila mtu cheko lake.

Basi nikageuza daftari, nikaanzia nyuma.
Asali: damma, kwa Gemechu. Tapli, kwa Tamazi.
Bibi yangu angesema buki, na nyuki wasingejali.
Gemechu alinifundisha kuvuta:
lafa ni ardhi, laafaa ni laini;
ukibana pumzi, kilicho laini kinageuka udongo.
Tamazi nilimuuliza kazi yake inaitwaje kwao.
"Mtsvrtneli," akasema. Mkufunzi.
Nilianza vyema, m na t, kama mtu, kama mto,
halafu nikafika pasipo daraja.
Sisi kila konsonanti tunaipa irabu ya kuishika mkono.
Wao wanaziacha zivuke zenyewe,
usiku, bila taa.

Ndipo ikaja simu ile.
Kupitia mbao nilisikia: mama, mama,
mara nane, mara tisa, kisha kimya.
Akatoka, macho mekundu kama ya mrina
aliyesimama upande wa moshi,
akasema kwa Kiswahili chake kifupi: "Amefariki."
Ile a- ya mwanzo, isiyobagua.

Tukachanga. Wanawake wa kuchuja nta wakaja na khanga zao:
Pole kwa kufiwa na mama.
"Ndiyo," akajibu, "mama," akainamisha kichwa.
Siku tatu tulimlilia mwanamke huyo.
Mwalu aliliombea hata tumbo lililombeba Tamazi,
na yeye akaitikia amina.

Siku ya nne Gemechu,
ambaye lugha yake haimwachi amtaje mtu
kabla hajajua ni inni au ni isheen,
akauliza, tonge mkononi:
"Huyo aliyekufa, wa kiume au wa kike?"
Tulimwona hana adabu.
Tamazi akanawa mkono polepole.
"Mama," akasema, "alikuwa na ndevu,"
akaonyesha mpaka kifuani.

Hakuna aliyethubutu kucheka hadi alipocheka mwenyewe,
akacheka na kulia kwa mlio uleule wa ukuni mbichi.
Kwao mama ndiye baba.
Na mzazi wake wa kike ni deda,
yu mzima, analalamikia magoti.

Usiku nikafungua daftari, upande wa nyuma, nikaandika: mama.
Mbele yake sikuandika kitu kwa muda.
Baba yangu, Msabila, mtunza taa za reli,
alinilea peke yake tangu nina miaka miwili,
akinisuka twende kilioni kwa vidole vya grisi,
mistari ikienda upogo, darasa zima likinicheka.
Watu walimsifu: huyu ni baba na mama.
Maneno mawili, kana kwamba walikuwa watu wawili
wanaopokezana zamu.
Sikuwahi kulipenda hilo, na sikuwa na jingine.

Asubuhi ndoo zilikuwa zimepanga foleni.
Kilo ishirini na sita na nusu, kutoka Urambo,
nyeusi, na nyuki mmoja amekwama juu kabisa.
Nikamtoa kwa ncha ya kalamu.
Jina. Sahihi.