Mlango wa Ungo

Ungo wa Berlinda unaning'inia jikoni,
orofa ya tatu, Albuquerque,
kati ya jokofu na kalenda ya benki ya damu.
Chane za kichaka cha jangwani,
weusi wa milima, wekundu katikati,
na njia moja nyembamba isiyofungwa:
mlango.
Nao sharti utazame macheo.

Macheo ya hapa ni ukuta wa jirani
na televisheni yake inayokohoa usiku kucha.
Hewala.
Jua halijawahi kubisha hodi kwa ukuta.

Siku Delphine alipovunja ungo
ungo haukuvunjika:
ulijaa povu la mzizi wa yuka,
akainamishwa, akaoshwa nywele,
kabla ya hapo keshakimbia kulikokuwa kukipambazuka,
kupitia maegesho, kulipita lori la taka,
miguuni viatu vya mpira wa kikapu.

Bibi alionya kwa simu, mara moja tu:
bili usiweke humo. Wala funguo.

Berlinda huweka funguo.
Zile za akiba, za lori la mumewe,
usiku anapopeleka mizigo Amarillo
na barafu barabarani haina adabu.
Huzilaza ncha zikielekea mlangoni,
hunyunyiza chavua ya mahindi kidogo,
kama mtu anayetia chumvi asiyoitaja.

Mume akirudi, huzitoa.
Hakuna anayesema neno.
Chavua hubaki kidoleni
hadi aoshe vyombo,
na kuna asubuhi
haoshi.