Saa Tatu Usiku, Seeb

Mwezi wa saba Bi Rayya alikuwa akizima kiyoyozi
ili atusikie.
Nyumba inatokota, wajukuu wamekimbilia kwa shangazi yao Mabela,
naye yuko chumba cha juu, kitambaa kibichi shingoni,
anakizungusha kitufe cha redio
kama anayefungua jicho la mtoto lenye tongo,
polepole, asimuumize.
"Hilo dude linaninguruma masikioni," alisema,
"na kuna mtu Kigoma anajaribu kuzungumza."

Miaka ishirini na sita aliunganisha simu Ruwi,
akichomeka na kuchomoa maneno ya watu,
posa, madeni, talaka,
akajizoeza kutosikiliza.
Alipostaafu ndipo alipoanza.
Waya wa shaba aliuvuta kutoka tangi la maji
hadi nguzo ya kuanikia nguo.
Jirani akadhani ni kamba, akaanika kanzu mbili,
na siku hiyo, aliapa Bi Rayya,
Kuwait yote ilinukia sabuni.

Saa tatu kamili anatuita, kwa mpangilio wake:
Ghalib wa Sur. Nipo.
Mwalimu Badriya, Ibra. Nipo, Bi.
Anselmi wa kreni, Doha. Nipo.
Na mimi wa mwisho, mchomeleaji wa mabomba, Sohar.
Ukichelewa dakika anauliza kama umeugua.
Ukijigamba kwa mtambo mpya, anakohoa.
Ukimkatiza mwenzio: "Hewa si ya baba yako."
Sote tuliiogopa sentensi hiyo
na sote tulipenda kuisikia akiambiwa mwingine.

Mimi, mwenye cheti cha kuchomelea,
alinifundisha upya kwa sauti tu, usiku, kutoka mbali:
"Risasi ikiyeyuka usiipulize.
Iache ijue inakokwenda."

Jumanne ile hakuita.
Saa tatu na robo. Saa tatu na nusu.
"Labda umeme," akasema Ghalib.
Seeb nzima ilikuwa inawaka taa.

Kwenye sabla ya matanga
wanawe walituuliza kwa adabu, mlimjuaje mama?
Tungejibu nini. Tulimjua kikohozi.
Tulijua kiti chake kinalia akiinama kulia.
Nikakaa kati ya watu nisiowajua,
halwa mkononi, hailiki,
mpaka mtu akatikisa kikombe cha kahawa, akasema "Basi, inatosha,"
nikageuka.
"Ghalib?"
Mzee mfupi, mimi niliyemrefusha kichwani miaka tisa.
Tukashikana mikono, tukakosa neno,
sisi, ambao kazi yetu ni maneno.

Hilal, kitindamimba wake, akatuletea daftari.
Kila usiku upo: saa, masafa, vumbi au hakuna vumbi,
nani alisikika, nani alikuwa na huzuni akaificha.
Nikautafuta usiku wangu wa kwanza.
Wino wa kijani, mwandiko wa mtu mwenye haraka:
*Kijana wa Sohar. Hasikiki vizuri.
Ana kitu cha kusema. Arudie.*

Sasa anayeita ni Badriya.
Usiku wa kwanza alituita sote, tukaitika,
kisha akasita.
Jina la Bi Rayya halikuwahi kuwamo;
mwitaji hajiiti.
"Bi Rayya, Seeb," akasema Badriya.

Hakuna aliyemwambia mwenzake.
Ila nilisikia mngurumo ukikatika Sur,
kisha Ibra, kisha Doha,
nikanyoosha mkono nikazima changu.
Joto likaingia bila hodi.
Tukakaa na ule mchakacho
wa mchele unaopepetwa na mtu asiyechoka,
jasho likinitiririka mgongoni,
sikio kwenye spika.

Hasikiki vizuri.
Arudie.