Kalenda ya Maziwa

Nilipoipachika jikoni, Kibokoni,
Zamzam aliuliza: maziwa ya Italia?
Ya unga au ya kopo?
Mwaka wa kumi na moja huu.
Tarehe zimeoza, picha bado mbichi.

Januari, milima imepakwa theluji
kama kuta usiku wa kuamkia Idi.
Aprili, kisiwa, mnara wa kengele,
na tausi bustanini, hakuna anayewafukuza.
Kiitaliano changu nilikiokota humo,
neno neno, chini ya kila picha,
nikakipeleka Ngomeni kutafutia riziki.

Jana nikapata mteja wa huko huko, Bi Ornella,
kofia ya ukindu, magoti mabovu.
Gusa, nikamwambia, ukuta huu ni matumbawe,
hapa pana kombe limeganda.
Na aliyeichora ngome alitoka Milano,
jirani yako.
Akasema: Milano si kwetu. Kwetu ni ziwani.

Nikaona nafasi yangu. Nikamsomea Julai kwa ghibu:
nyumba ya rangi ya papai, malimau vyunguni,
ngazi za mawe zinazoshuka mpaka ndani ya maji.
Akasimama.
Ngazi hizo, akasema, mama alifulia shuka za wenyewe.
Februari. Vidole vikifa ganzi akivitia kwapani.
Mimi ndani sikuingia
mpaka walipoanza kuuza tiketi.

Sikuwa na neno la kalenda la kumjibu.
Nikampeleka pasipo kwenye ratiba,
kona yenye kivuli, alipolala miezi tisa
babu yangu Mbwarali, zama ngome ni jela,
kwa gunia la mchele lisilo lake.
Nami huingia kila asubuhi, kwa beji.

Akachungulia chini: mbona maji yamekimbia?
Yamepwa. Kwenu hayapwi?
Hayapwi. Yanakaa tu.
Hilo limenikosesha usingizi.
Ufuo usiofagiwa mara mbili kwa siku
huyapeleka wapi ya jana?

Leo ni Oktoba. Nimeifungua Julai.
Zamzam ataka kujua natafuta nini
na miwani yake.
Ngazi ya mwisho, chini, kushoto,
pale mafuta ya bajia yalipoirukia karatasi,
pana kitu cheupe juu ya maji.
Bata, asema Zamzam.
Labda bata.